Ratiba ya Akina Doshi

Barua yao imetoka Rajkot, watu wanne:
Mama Pushpa, mwanawe Hemal, mkwewe Charmi,
na mtoto Tirth anayependa vivuko kuliko simba.
"Tunataka kuuona mji mkuu wa visiwa," wameandika,
"siku tatu. Tafadhali tupangie."

Mji mkuu. Nikacheka peke yangu kaunta,
kisha nikaona haya, nikatoka nje kuutazama upya:
barabara moja mgongoni mwa kilima,
ofisi ya wilaya yenye bendera iliyochanika pembe,
fundi cherehani, pampu ya petroli,
ng'ombe wa katekista amelala katikati ya njia.
Visiwa themanini na vinne huleta kesi zao hapa,
vyeti vya kuzaliwa, mashtaka ya nyavu zilizoibwa.
Basi ni mji mkuu. Sitaupunguza.

Nikawajibu: karibuni Kalangala.
Lifti hakuna. Ziwa lipo kila upande,
mkichoka kulitazama huku, geukeni.

Barua ya pili ndiyo iliyonikalisha chini.
Hawali nyama; hilo nililijua.
Hawali samaki,
kwenye kisiwa ambacho hata noti zinanuka sangara!
Na kitunguu hapana, saumu hapana,
viazi, mihogo, karoti, magimbi, hapana:
king'olewacho na mzizi wake
huondoka na roho nyingi ndogo zisizo na hatia.
Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Hawa wangu hata jembe watalikataa kwa heshima.

Nabbosa, mpishi, akashika kiuno:
"Sasa wanakula hewa?"
Tukakaa kizingitini tukihesabu vinavyozaa juu ya ardhi:
matoke, maboga, dodo, nakati, kunde,
papai, fenesi, bogoya.
Karanga tulizibishania
(ziko chini, ndiyo, lakini ni mbegu).
Nikauliza. Jibu likaja kesho yake: karanga ruhusa.
Nabbosa akapiga kigelegele kama aliyefunga bao.
Nikavuka hadi Masaka kununua sufuria mbili
ambazo hazijawahi kukutana na samaki.

Halafu sharti la mwisho.
"Tule kabla ya sita na nusu," aliandika Hemal,
nami nikadhani anasema adhuhuri.
Kumbe ni jua. Likishazama, hawatii kitu kinywani.
Nikamweleza: huku kwetu saa huzaliwa na asubuhi,
jua likipanda ndipo tunapoanza kuhesabu moja;
sita na nusu yako ni kumi na mbili na nusu yetu.
Mama Pushpa akajibu mwenyewe, mstari mmoja tu:
"Basi saa zenu zinaijua dini yetu."

Nikachukua kalamu.
Kivuko huondoka Nakiwogo saa nane,
Mungu akipenda, Lutoboka saa kumi na moja na nusu.
Kushusha mizigo. Salamu, na salamu za Kiganda
hazina haraka, huulizia mpaka mbuzi.
Kupanda kilima, kunawa, kuketi.
Hesabu inakataa.
Basi Nabbosa atashuka na sufuria hadi gatini,
zimefungwa majani ya migomba,
mji mkuu uwapokee pale pale ukingoni, wamesimama.

"Na kivuko kikichelewa?" niliuliza.
"Tutalala na njaa," akasema Mama Pushpa,
"haitakuwa mara ya kwanza.
Chakula mpe yeyote aliye macho."

Jioni ya leo nimeshuka Lutoboka na daftari.
Mukiibi, mlinzi wa gati, ameniuliza namsubiri nani.
"Jua," nikamwambia. "Nalipima, wageni wanakuja."
Akasogeza benchi, tukalipima wawili.
Limezama saa moja kasoro dakika tisa.
Nimeandika.
Kivuko kilikuwa hakijaonekana.

Kesho nitamwambia Nabbosa aongeze matoke:
aliye macho hapa si mmoja.